Mzee Bethwel Alipovua Viatu

Kapsoit nzima ilimjua Mzee Bethwel arap Mitei kwa viatu vyake. Hata msimu wa mvua, barabara ya kwenda kituo cha kupimia majani ya chai ikiwa tope tupu, yeye angefika amevaa viatu vyeusi vya ngozi vilivyopigwa rangi, soksi zimevutwa vizuri, na koti juu. Alikuwa karani wa kiwanda cha chai kwa miaka mingi. Alipostaafu akarudi kuchuma chai yake mwenyewe, hakuona kwa nini avae ovyo. Wakulima wenzake walimfanya mwenyekiti wa kituo, na kila uchaguzi ulipofika watu walisema tu, "Mzee aendelee," kisha wakapita kwa mambo mengine.

Nyumba yake ilikuwa ya mawe, yenye madirisha makubwa yanayotazama chai iliyoteremka hadi mtoni. Aliijenga polepole. Mwaka mmoja msingi, mwaka mwingine kuta, halafu miaka miwili hakuna kitu kwa sababu Rebeccah, bintiye wa kwanza, alikuwa chuo cha ualimu. Nyuma ya nyumba hiyo lilibaki jiko la zamani la udongo ambamo mama yake Bethwel aliwahi kupika. Sasa liliwekwa nyasi za ng'ombe, na kuku walitaga humo.

Chepkurui, mtoto wa mwisho, ndiye aliyekwenda mbali. Alisomea kutunza wagonjwa, akapata kazi Ayalandi katika nyumba ya kulea wazee, na Bethwel akauza mitamba wawili ili asafiri. Kwenye uwanja wa ndege alimshika mkono akamwambia, "Ukifika huko usijifanye mdogo. Hatujakutuma ukaombe. Umeenda kazi."

Mji aliofikia ulikuwa mdogo na wa baridi. Wazee aliowalisha na kuwaogesha walimpenda, lakini jina lake liliwashinda, wakamwita Cherry. Wafanyakazi wenzake nao wakamwita Cherry. Ikafika mahali hata yeye akipigiwa simu kazini alijibu, "Ndiyo, Cherry anaongea," kisha akakaa akiitazama simu ile. Jioni alipika. Alipika mboga za isageek, yaani mgagani, zilizokaushwa alizotumiwa na mama yake, akaziunga kwa maziwa. Alipokosa kitu cha nyumbani alibuni. Siku moja alichukua samaki wa mtoni wa huko, akamfukiza kwa moshi wa majani ya chai ya Kericho, akampeleka kazini kwenye bakuli. Wenzake walimla wakamaliza bakuli, halafu mmoja wao, bila kumuuliza, akapeleka jina lake kwenye televisheni.

Lilikuwa shindano la mapishi, lililorushwa moja kwa moja kila Jumapili jioni. Majaji walionja, watazamaji walipiga kura kwa simu, na kila wiki mtu mmoja alikwenda nyumbani. Chepkurui alikubali akidhani atatolewa siku ya kwanza. Hakutolewa. Yule samaki wa moshi wa chai aliwatia majaji wazimu. Na jambo ambalo hakulitarajia ni hili: mtangazaji wa kipindi alijifunza jina lake. Alilisema polepole mbele ya kamera, Chep-ku-ru-i, akalisema tena vizuri zaidi, na nchi nzima ikalisikia. Jumatatu yake mwanamke asiyemjua alimsimamisha dukani akamwita kwa jina lile. Chepkurui alifika kwenye chumba chake, akakaa kitandani na makoti yake yote, akalia kwa furaha.

Tangu hapo alitaka kubaki. Si kushinda hasa. Kubaki tu, wiki moja zaidi, kisha nyingine.

Wiki ya tano nusura atolewe. Kura zilipohesabiwa waliobaki chini kabisa walikuwa yeye, mvuvi mmoja mzee kutoka pwani ya huko, na mwingine ambaye ndiye aliyetolewa; akaponea chupuchupu. Wiki iliyofuata ilikuwa ya vyakula vya nyumbani, na kila mshindani alitakiwa kuleta video ya familia yake. Rebeccah aliwarekodi wazazi wao kwa simu. Mama alionekana akimimina chai kutoka kwenye chupa, nyuma yake viti vyenye vitambaa vya kufuma. Bethwel alikuwa anasoma gazeti, akainua macho na kusalimia kwa Kiingereza safi cha ofisini.

Mtayarishaji wa kipindi, mwanamke mchangamfu aliyependa kumshika Chepkurui bega, aliitazama video ile hadi mwisho.

"Familia yako ni nzuri sana," alisema. "Lakini hapa ni kama kwa mjomba wangu. Watu wanataka kuona umetoka wapi."

"Nimetoka hapo."

Mtayarishaji alirudisha video nyuma. Mahali fulani Rebeccah alikuwa ameipitisha simu nyuma ya nyumba, na lile jiko la udongo likaonekana kidogo.

"Na hapa ni wapi?"

"Ni jiko la zamani. La nyanya yangu."

"Alipika humo?"

"Alipika."

"Wewe uliwahi kula humo?"

"Nikiwa mdogo, ndiyo. Mara nyingi."

"Basi si uongo," mtayarishaji alisema, akamshika bega. "Tutampata mtu wa kamera huko Kenya arekodi vizuri."

Chepkurui alimpigia baba yake siku hiyo hiyo. Bethwel alisikiliza hadi mwisho, kama alivyowasikiliza wakulima wakilalamikia mizani.

"Wanataka nini katika nyumba ya kuku?" aliuliza.

"Baba, ni dakika mbili tu za runinga. Mtu wa kamera akija, wacha afanye vile wanataka. Nikitolewa wiki hii, yote yamekwisha."

Ng'ombe mmoja alilia huko nyuma, Chepkurui akamsikia vizuri kabisa.

"Na wewe unataka hivyo?"

"Nataka, Baba."

"Basi sawa. Aje."

Mtu wa kamera alikuwa kijana wa Kisii anayeitwa Duke, aliyezoea kurekodi harusi na mazishi. Alifika siku ya Alhamisi na gari la kukodi. Mama alikuwa amepika, amevaa gauni la kanisani na kitambaa kipya kichwani. Bethwel alikuwa na koti na tai. Duke aliwasalimia kwa heshima, akatia kidude sikioni, na kuanzia hapo alikuwa akizungumza na watu wawili kwa wakati mmoja, wale aliowaona na wale wa ng'ambo walioona kupitia kamera yake.

Kwanza aliomba nyasi zitolewe jikoni na moto uwashwe. Zikatolewa. Kisha akamwomba mama avae sweta anayovaa akikamua ng'ombe. Mama alicheka, akadhani ni mchezo, akaenda kubadilisha. Baadaye ikawa tai na koti la mzee. Bethwel alivivua, akampa Rebeccah avishike.

Duke alisikiliza tena sikioni. Alikuna shingo.

"Mzee, samahani sana. Wanauliza kama unaweza kukaa bila viatu."

Rebeccah ndiye aliyejibu. "Bila viatu kwa nini? Umeona nani hapa hana viatu?"

"Dada, si mimi. Ni hao wananiongelesha kwa sikio."

"Basi waambie hao wa sikio waje wavue vyao."

"Rebeccah," Bethwel alisema. Alikaa kwenye kigoda, akainama, akafungua kamba moja, kisha nyingine. Aliviweka viatu vyake nje ya mlango wa jiko, kimoja kando ya kingine, soksi zikiwa ndani. Miguu yake ilikuwa laini na myeupe chini kwa sababu haikuzoea ardhi. Aliingia akikanyaga kwa uangalifu katikati ya mavi ya kuku, akakaa kando ya moto pamoja na mkewe.

Kuni zilikuwa mbichi. Moshi ulijaa jikoni, na macho ya mzee yakaanza kutoka machozi. Duke alisogeza kamera karibu. Mama aliambiwa amsemeshe mwanawe, naye akasema kwa Kipsigis maneno ambayo mama yeyote angesema: tunakuombea, kula vizuri, vaa nguo nzito maana huko ni baridi, na ukipata nafasi uje utuone.

Walipomaliza, Bethwel alikwenda kwenye tangi la maji akaosha miguu. Mkewe alimletea taulo. Duke alifungasha vyombo vyake haraka haraka, na alipokaribishwa chakula alikula vijiko vichache tu. Wakati wa kuondoka alisimama akiitazama nyumba.

"Mzee, nyumba yako ni nzuri," alisema.

"Asante," Bethwel alijibu. "Siku nyingine karibu bila kamera."

Jumapili sebule ilijaa. Rebeccah aliunganisha simu na runinga. Majirani walikuja wakiwa bado na nguo za kanisani, na Oyugi, aliyefanya kazi na Bethwel kiwandani miaka yote ile na sasa ana duka pale Kapsoit, alikuja na mkewe Beldina na mikate miwili. Oyugi alikuwa amewatangazia wateja wake wote kwamba binti ya rafiki yake yuko kwenye runinga ya wazungu. Bethwel alikaa kiti chake cha dirishani.

Video ilianza na muziki wa huzuni. Kamera ilikuwa imewekwa chini, hivi kwamba lile jiko lilijaa kioo kizima na nyumba ya mawe haikuonekana hata ukuta mmoja. Walionekana kuku, na sweta ya mama iliyotoboka kiwiko. Ikaja miguu ya Bethwel. Ilikaa pale kwa muda mrefu, miguu tu, kisha kamera ikapanda taratibu hadi machoni, yakiwa yamejaa machozi. Mama alipoanza kusema, maandishi ya Kiingereza yalipita chini ya picha: Mwanangu, wewe ndiye tumaini letu la mwisho.

"Wameandika nini?" mama aliuliza.

Rebeccah aliyasoma, akatazama chini. "Wameandika tu vile umesema," alijibu.

Kisha wakamwona Chepkurui mwenyewe, amesimama na aproni yake katikati ya taa, mikono usoni, akilia. Mtangazaji alimkumbatia. Majaji nao walikuwa wakifuta macho. Mtangazaji akasubiri kidogo, akamwuliza kwa sauti ya chini, "Na hapo ndipo ulipokulia?"

Sebuleni watu walikuwa wameanza kunong'onezana. Bethwel aliinua mkono.

"Nyamazeni," alisema. "Sasa atawaambia."

Wakanyamaza wote. Chepkurui alifuta macho kwa kiganja. Alitazama sakafu.

"Ndiyo," alisema. "Ni hapo."

Huko walipiga makofi. Kapsoit hakuna aliyepiga. Oyugi alikohoa, akasema kwamba haya maneno ya televisheni kila mtu anajua ni ya kutengeneza, akajaribu kucheka, na hakuna aliyecheka naye. Bethwel alishusha mkono wake, akauweka juu ya goti.

"Rebeccah," alisema, "waongezee wageni chai."

Chepkurui hakuwa ameiona video ile kabla ya dakika hiyo. Alitarajia jiko, alitarajia moshi. Miguu hakuitarajia. Alipoiona alijua mara moja ni ya nani na jinsi ilivyofika pale, kwamba baba yake ameinama akafungua kamba mwenyewe kwa sababu yeye alimwambia wacha afanye vile wanataka. Machozi yaliyomtoka hayakuwa ya kukumbuka nyumbani. Alikuwa anaona aibu. Na swali lilipokuja alikuwa na jibu tayari mdomoni: hapana, hilo ni jiko la nyanya yangu, baba yangu amejenga nyumba ya mawe iko hapo mbele. Aliinua macho. Aliona nyuso zote zile zikimpenda. Akafikiri, nikisema hivyo watanitazama vipi? Basi akatazama sakafu akasema ndiyo.

Kura alizopata usiku huo hazikuwahi kupatikana na mshindani yeyote wa mwaka ule. Aliyetolewa alikuwa yule mvuvi mzee, mpishi aliyemzidi kwa mbali, na Chepkurui alilijua hilo. Mzee yule alimkumbatia akamwambia, "Baba yako lazima anajivunia sana."

Alipiga simu nyumbani mara tu alipotoka studio. Mama ndiye aliyepokea.

"Baba amelala," alisema.

"Bila kuningoja?"

"Amelala, mama. Na wewe kalale. Umechoka."

Wiki iliyofuata alimwendea mtayarishaji, akamwambia anataka kusema neno hewani, kurekebisha. Mwanamke yule hakukasirika. Alimvutia kiti.

"Kurekebisha nini? Kwamba sisi ni waongo? Uliulizwa, ukasema ndiyo. Ukigeuka sasa, wewe ndiye watakayemwona mwongo, siyo sisi." Akamshika bega. "Pika, Chepkurui. Wanakupenda."

Alipika. Wiki mbili baadaye keki yake ilizama katikati, majaji wakaionja kwa ncha ya uma, watu wakampigia kura mwingine, na akatoka. Waliompenda walimpenda kwa muda wa huo msimu. Mwaka mpya ukaanza na washindani wapya, na kazini, mzee mmoja mgeni aliyeletwa kutoka hospitali akauliza jina lake, akalijaribu, akashindwa, akamwita Cherry.

Nyumbani, klipu ilikuwa imeshafika kila simu. Ilipita kwenye makundi ya kanisa, ya chama cha akina mama, ya wakulima, ikafika Chepseon, ikafika Longisa kwa ndugu zao wa Bomet, ambako shangazi mmoja alipiga simu akilia, akiuliza kwa nini hawakumwambia wamefikia hali hiyo. Pale kituoni vijana waliosubiri kupima majani walimwona mwenyekiti akija.

"Mzee, leo umevaa viatu?"

Bethwel alicheka nao. Siku ya pili wakarudia, akacheka tena. Siku nyingine Oyugi alikuwa akipita, akawageukia vijana wale akawafokea kwa Kijaluo na Kiswahili pamoja, hadi wakatawanyika. Bethwel alimshika mkono.

"Wacha, Oyugi. Watoto wameona kitu kwa runinga. Hawakukitunga."

"Lakini wewe wanakujua! Wamekuona kila siku!"

"Hata Chepkurui ananijua," Bethwel alisema.

Kisha lilikuja boksi. Kikundi cha wanawake wa kanisa moja huko Ayalandi kilikuwa kimeguswa na video, kikachanga nguo. Rebeccah alilichukua posta ya Kericho akalifungua mezani. Mlikuwa na sweta, blanketi, na chini kabisa viatu vya mwanamume, vya mitumba lakini vizima, na kadi yenye picha ya maua. Bethwel aliichukua kadi akaisoma kwa sauti, kama alivyozoea kusoma barua za kiwanda: Kwa baba asiye na viatu, Mungu akubariki.

Mama alitoka nje. Rebeccah alisema atavichoma vyote.

"Hapana," Bethwel alisema. "Hao ni watu wenye moyo mzuri. Waandikie barua uwashukuru. Kisha vitu hivi vipelekwe kwa mtu anayevihitaji."

Kwenye mkutano wa kituo uliofuata alisimama, akawaambia wakulima kwamba amehudumu vya kutosha na angependa kupumzika. Baadhi walipinga, lakini si kwa sauti kubwa kama zamani. Walimchagua mtu mwingine. Tangu siku hiyo majani yake yalipelekwa kituoni na mfanyakazi.

Haya yote Rebeccah alimweleza dada yake kidogo kidogo, kwa simu. Mwanzoni alimficha. Baadaye alikasirika, akayasema yote. Kila Chepkurui alipoomba kuongea na baba yake, Bethwel alichukua simu. Hakukataa hata mara moja. Aliuliza kuhusu hali ya hewa, kazi, afya. Alimwambia mvua ya mawe imepiga chai upande wa juu. Alimwombea, akarudisha simu kwa mama. Chepkurui angetamani agombezwe.

Alikuja Desemba. Kwa miaka aliyokuwa ng'ambo alikuwa amejipangia jinsi atakavyofika, nani atapiga vigelegele, nani atabeba mizigo, na vigelegele vilipigwa kweli. Mama alimkumbatia hadi akapungukiwa pumzi. Baba yake alisimama mlangoni akiwa na koti na tai, viatu vinang'aa. Alimpa mkono.

"Karibu," alisema. "Pole na safari. Karibu ukae."

Alimwonyesha kiti kikubwa, kile cha wageni. Chai ilipoletwa, alisema apelekewe yeye kwanza.

Asubuhi ya tatu Chepkurui alimkuta baba yake katikati ya mistari ya chai, peke yake, akiangalia matawi yaliyovunjwa na mvua ya mawe. Umande ulikuwa mwingi. Alisimama nyuma yake akajikaza.

"Baba, nimekuja kuomba msamaha."

Bethwel hakugeuka mara moja. Alivunja kijiti kilichokauka akakitupa.

"Viatu nilivua mwenyewe," alisema. "Hilo usilibebe. Mtoto wangu alikuwa na shida, akaniomba kitu, nikaona naweza kukifanya. Ningevua tena."

"Si viatu, Baba. Ni vile niliulizwa."

"Eeh," mzee alisema. "Hapo."

"Niliogopa. Watu wote wananitazama, nikaona nikisema hapana..."

"Naelewa kuogopa. Lakini sisi tukiwa hapa hatukukuona ukiogopa. Tulikusikia ukisema ndiyo." Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole huo ndio uliomvunja Chepkurui. "Niliwanyamazisha watu, unajua? Oyugi alikuwepo. Nilimwambia kila mtu anyamaze, nisikie vile utawaambia."

"Rebeccah aliniambia."

"Nilikuwa na hakika kabisa," Bethwel alisema, kana kwamba jambo hilo bado lilimshangaza. "Sijui kwa nini nilikuwa na hakika hivyo."

Chepkurui alilia. Baba yake alimpa kitambaa chake cha mfukoni, kilichopigwa pasi, akangoja hadi akamaliza. Kisha akamwambia amemsamehe, tena zamani, na kwamba waingie ndani, uji unapoa. Alisema kweli. Chepkurui alijua amesamehewa. Lakini alipotembea nyuma yake kuelekea nyumbani, aliona jinsi alivyomtangulia bila kugeuka kuona kama amejikwaa mahali, yeye ambaye hapo zamani hakupita kwenye ile njia bila kumshika mkono.

Siku hiyo alichukua simu, akasimama mbele ya nyumba ya mawe, akajirekodi. Alisema ukweli wote kwa Kiingereza: hii ndiyo nyumba niliyokulia, baba yangu aliijenga kwa mikono na jasho lake, lile lilikuwa jiko la kuku, niliulizwa nikadanganya. Akaituma mtandaoni. Kutwa nzima aliiangalia. Waliotazama walikuwa jamaa zake na marafiki wachache wa Rebeccah. Jioni ukaja ujumbe mmoja kutoka Ayalandi, wa mwanamke aliyemfuata mtandaoni tangu wakati wa shindano. Alikuwa ameandika: Ajabu! Hongera kwa kuwajengea wazazi wako nyumba nzuri hivi.

Rebeccah alimsomea baba yao. Alidhani atakasirika. Bethwel alicheka, kicheko cha kweli, hadi akatoa miwani akaifuta.

"Basi," alisema. "Sasa hata nyumba imeenda."

Mama naye akacheka, wakacheka wote mezani, na Chepkurui akacheka pamoja nao, macho kwenye sahani.

Siku ya kuondoka ndugu wa Longisa walikuja, na Oyugi na Beldina walikuja na mikate. Mizigo ilipokwisha kutiwa garini, Beldina alisema haifai kuachana bila picha. Walijipanga mbele ya chai, mama katikati, Chepkurui kando yake, Rebeccah na watoto wake upande wa pili. Kando ya Chepkurui waliacha nafasi ya mzee. Oyugi akanyoosha mkono ili apewe simu awapige picha.

"Hapana, wewe ingia," Bethwel alimwambia. "Nipe mimi hiyo simu."

"Mzee, lakini wewe ndiye baba ya nyumba."

"Ingia, Oyugi. Mimi nitawapiga."

Oyugi aliingia akasimama pale palipoachwa, mikono yake imening'inia, hajui aiweke wapi. Bethwel alirudi nyuma kwenye nyasi hatua kadhaa, akaishika simu kwa mikono miwili, mbali na uso, kama wazee wanavyofanya.

"Sogeeni karibu kidogo," alisema. "Chepkurui, inua kichwa. Hapo. Hapo ni sawa."